Tunda la Yago

Siku chache baada ya Krismasi ya 1986, wasikilizaji wa Sauti ya Kenya walisikia redioni matangazo ya kifo yasiyopatana. Tangazo moja lilisema wakili Silvano Melea Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba akiwa na umri wa miaka 55, angezikwa Upper Matasia, karibu na Ngong, kwenye shamba la familia yake. Lingine lilisema angezikwa Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. La kwanza lilitoka kwa mjane wake, Wambui. La pili lilitoka kwa ndugu zake wa ukoo wa Umira Kager. Maiti ilikuwa moja, na ilikuwa imelala mochwari ya jiji la Nairobi, ambako ingekaa miezi mitano.

Kwa kizazi cha wazazi wetu hakuna haja ya kueleza zaidi. Ukitaja "S.M." tu, mtu atakuambia alikuwa wapi hukumu iliposomwa na alikuwa upande gani. Sisi tuliozaliwa baadaye tumeirithi kesi hiyo kama hadithi ya mezani: mke Mkikuyu, ukoo wa Kijaluo, maiti katikati. Na tumeirithi pamoja na maana yake iliyokwisha kupikwa, kwamba lilikuwa pambano kati ya mila na usasa. Mwaka huu nimetumia miezi mingi kusoma magazeti ya 1987 kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na kadiri ninavyosoma ndivyo maana hiyo inavyonichenga.

Otieno alisomea sheria Bombay, akarudi, akawa wakili mashuhuri wa kesi za jinai Nairobi. Mwaka 1963 alimwoa Virginia Wambui Waiyaki, kitukuu wa Waiyaki wa Hinga, mwanamke aliyekuwa mpelelezi wa Mau Mau na ambaye Waingereza walimzuilia Lamu. Hii haikuwa ndoa ya watu wapole. Watoto wao walieleza mahakamani kwamba baba yao alipenda kunukuu Shakespeare na kutazama Perry Mason kwenye televisheni, na upande wa mjane uliyatumia hayo kuonyesha kwamba aliishi maisha ya mtu wa mjini, asiyefungwa na desturi za kijijini. Wambui alisema mumewe alimwambia azikwe Matasia, na kama haiwezekani, basi makaburi ya Lang'ata. Lakini Otieno, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ushahidi, hakuacha karatasi hata moja yenye sahihi yake kuhusu jambo hilo. Mawakili wengi ni hivyo, nimeambiwa. Wanawaandikia wenzao wosia.

Mwanzoni Jaji Frank Shields alimkubalia Wambui achukue mwili. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo na kuagiza kesi isikilizwe yote. Ikasikilizwa mbele ya Jaji Bosire, John Khaminwa akimtetea mjane na Richard Kwach akiutetea ukoo, huku umati ukijaa nje ya mahakama siku baada ya siku. Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye kazi yake ilihusu hekima ya wazee wa Kiafrika, alipanda kizimbani kueleza mila za Wajaluo. Mchimba kaburi kutoka kijijini naye alipanda, akasema Otieno alimwambia, katika mazishi ya ndugu yake, kwamba siku yake ikifika amchimbie karibu na baba yake.

Sehemu inayonirudisha kwenye kurasa hizo ni mabishano kuhusu maneno mawili. Otieno alikuwa na nyumba Nairobi. Alikuwa na shamba Matasia. Je, alikuwa na dala? Kwa Wajaluo, mwanamume anaweza kununua jumba la ghorofa tano mjini na bado likabaki nyumba tu, mahali pa kulala. Dala ni boma lililosimamishwa kwa taratibu zake, baba au mzee wa ukoo akiwapo, kwenye ardhi yenye makaburi ya watu wake. Hata Kiswahili chetu kinalijua jambo hili. Mtu akikuuliza "unakaa wapi?" utamjibu Umoja, Kahawa, Langas. Akikuuliza "kwenu wapi?" unajua kabisa kwamba haulizi anwani.

Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliamua Otieno azikwe Nyalgunga. Wambui akakata rufaa. Tarehe 15 Mei majaji watatu, Nyarangi, Platt na Gachuhi, wakasema vilevile. Hoja yao, kwa ufupi, ilikuwa kwamba Mkenya Mwafrika hawezi kujivua kabila lake kwa sababu ya elimu, ndoa au mtindo wa maisha. Alizaliwa Mjaluo, alikufa Mjaluo, na angezikwa kama Mjaluo. Jumamosi ya tarehe 23 Mei akazikwa Nyalgunga. Mjane wake hakwenda.

Zilikuwa zimepita siku 154.

Nilizihesabu kwa kalenda, mara mbili, kwa sababu idadi hiyo inasema kitu ambacho hukumu haikusema. Mazishi ya Nyalgunga yaliitwa ushindi wa mila. Lakini hakuna mila yoyote iliyowahi kuweza kuusubirisha mwili siku 154. Kilichoweza ni jokofu la mochwari na dawa ya kuhifadhi maiti. Kilichouleta mwili Siaya ni barabara na magari. Kilichouamua mvutano ni mahakama iliyoanzishwa na Waingereza, ikifuata sheria ya bunge inayoziruhusu mila kuongoza majaji mradi zisipingane na haki na maadili. Ukiviondoa hivyo vyote, mtu aliyefia Nairobi angezikwa Nairobi, mapema, na kijijini wangefanya kile walichokuwa wakifanya kabla ya jokofu kuja.

Na walikuwa na cha kufanya. Nitafika huko. Kwanza nieleze kwa nini nahesabu siku za marehemu nisiyemjua.

Shangazi yangu, ambaye kwa Kijaluo namwita waya, ana miaka 71. Ni muuguzi mstaafu, anaishi Kisumu kwenye ploti aliyoinunua kwa pesa zake. Moyo wake haufanyi kazi vizuri, na madaktari wameacha kumzungushia maneno. Aliolewa akiwa na miaka 22, akatoka kwenye ndoa hiyo akiwa na 34, usiku, na mabinti wawili na begi moja. Ng'ombe wa mahari hawakurudishwa. Mambo haya mawili, kutoka kwake na ng'ombe kubaki, ndiyo yanayofanya kifo chake kiwe tatizo la kisheria la ukoo wakati yeye mwenyewe bado anapika chapati.

Kwa mila, mahari isiyorudishwa ina maana kwamba bado ni mke wa kule. Akifa, watu wa kule wana haki ya kuja kumchukua, wakamzike kwenye boma alilolikimbia, karibu na mtu aliyemvunja mkono. Wasipokuja, au tukikataa, anarudi kwao, yaani kwa babu. Lakini binti mtu mzima asiye na mume hazikwi ndani ya boma la baba yake. Anazikwa nje ya ua. Waya alilijua hilo tangu utotoni. Kuna kaburi moja la namna hiyo nyuma ya migomba yetu, la dada wa babu, na tulikuwa tukikatazwa kuchezea huko.

Kwa hiyo waya ameamua. Anataka achomwe Kariokor, haraka, bila mkesha. Wiki moja baadaye watu wakutane Kisumu, kwenye ploti yake, wale, wasikilize benga, wamzungumzie. Hataki iitwe mazishi. Kwenye daftari lake ameandika kwa kalamu nyekundu: kusherehekea maisha.

Baba yangu ndiye kaka mkubwa. Aliposikia alisema neno moja, "Nani?", akimaanisha nani amemfundisha hivyo, kisha akatoka nje kwenda kuwaangalia kuku.

Waya akanigeukia mimi. "Nyathina, wewe si ndiye unayesomea mambo ya kale? Niambie kama kuna mtu aliwahi kufanya hivi, au mimi ndiye wa kwanza kupotea."

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa kwenye semina, nami nililichukua kama kazi.

Jibu la kwanza ni jepesi. Kuna orodha, na inaendelea kurefuka. Mary Kuria, mke wa Askofu Mkuu wa Kianglikana Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2002, na watu wakashangaa kwamba familia ya askofu inaweza kufanya hivyo. Mwaka 2005 askofu mwenyewe akamfuata mkewe kwa njia ileile. Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Aliyekuwa amepigania miti maisha yake yote hakutaka jeneza la mbao. Akafanyiwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, akaagwa kitaifa pale Uhuru Park, akachomwa Kariokor. Kenneth Matiba, 2018. Mwaka uliofuata mkurugenzi wa Safaricom, Bob Collymore, alifariki tarehe 1 Julai na kesho yake akawa ameshachomwa, wakati Wakenya wengi walikuwa bado wanatumiana habari za kifo chake. Mwezi huohuo akafariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Collymore alizaliwa Guyana na watu wakasema basi, huyo si wetu. Okoth alikuwa Mjaluo. Familia ilisema ni matakwa yake, akachomwa mapema Agosti, na baadhi ya wazee wakalalamika wazi kwamba hilo si jambo la Wajaluo.

Waya aliipenda orodha. Baba hakuipenda. "Wote hao ni wakubwa," alisema. "Mkubwa akifanya ajabu, anaitwa mwenye msimamo. Dada yangu akifanya, watasema hatukuwa na pesa za jeneza."

Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Tena ina kinyume chake: wako wanaochagua njia fupi kwa sababu kweli hawana pesa za njia ndefu. Nimekaa kwenye kamati za mazishi Nairobi ambako bajeti ilianza na hema na viti na ikaishia na fulana zenye picha ya marehemu, na mchango ukafikia pesa ambazo, zikitolewa miezi sita mapema, zingemlaza marehemu kwenye hospitali bora. Jambo hilo husemwa kwenye kila matanga, na bado fulana zinachapishwa.

Jibu la pili lilinichukua muda zaidi, na ndilo lililobadilisha namna ninavyoisoma kesi ya 1987. Linahusu hayo "mambo ya kale" yenyewe.

Chukua Wakikuyu, watu wa Wambui. Kabla ya wamisheni na serikali ya kikoloni kuwabana, wengi wao hawakuzikwa. Kifo kilikuwa uchafu wa hatari. Aliyekaribia kufa alitolewa nje ya boma, na maiti iliachwa porini, fisi wakafanya kazi yao. Kaburi lilikuwa heshima ya wachache, wazee wenye mali na watoto. Leo mazishi ya Kikuyu ni jeneza, mchungaji, kaburi lililopambwa kwa zulia la kijani, na mtu atakuapia kwamba hiyo ndiyo mila. Umri wake ni karne moja hivi. Nilipomsimulia waya kuhusu fisi alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe Kariokor ni ustaarabu.

Kisha Wajaluo wenyewe. Wajaluo walikuwa wakisafiri tangu zamani, na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 wakasafiri zaidi: Nairobi, Mombasa, mashamba ya chai Kericho. Walikufa huko pia. Na kabla ya reli kulikuwa na ziwa, ambalo halirudishi kila linachokichukua. Mtu akipotea, mwili usipopatikana, watu wa nyumbani walichukua tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kama soseji na ambalo Wajaluo wanaliita yago, wakalizika mahali pake. Walililia. Walilichimbia kaburi kama la mtu. Baada ya hapo mjane alikuwa mjane, watoto walikuwa yatima, na maisha yaliweza kuendelea.

Nilijua habari za yago tangu zamani, kama mtu anavyojua vitu vya bibi yake. Sikuwahi kuzifikiria karibu na jina la S.M. Otieno. Lakini ziweke pamoja. Mwaka 1987 taifa zima liliambiwa kwamba Mjaluo asipolala Nyalgunga kwa mwili wake, hana kwao, na wafu hawatatulia. Wakati huohuo utamaduni uleule ulikuwa na njia, iliyokwisha kujaribiwa, ya kumleta nyumbani mtu ambaye mwili wake uko kwingine. Sisemi Umira Kager walidanganya. Yago ilikuwa ya mwili uliokosekana, na mwili wa Otieno haukukosekana: ulikuwa mochwari, una namba. Jokofu lilifunga mlango ambao ziwa liliuacha wazi.

Kuhusu upande wa pili, huu wa kusherehekea maisha, watu hudhani umetoka Marekani jana. Neno, ndiyo. Huko lina historia yake: mwaka 1963, mwaka uleule Otieno na Wambui walipooana, Jessica Mitford alichapisha kitabu kilichowashambulia wafanyabiashara wa mazishi wa Marekani kwa kuwauzia wafiwa majeneza ya bei mbaya, na watu wengi wakaanza kutafuta njia rahisi zaidi, pamoja na ibada za kumbukumbu bila mwili. Kwetu neno limefika kupitia karatasi za programu na vikundi vya WhatsApp. Lakini jambo lenyewe lilikuwapo. Mpiga nyatiti aliitwa matangani kumsifu marehemu kwa jina, kumtaja kwa ng'ombe zake na ujanja wake, huku wasikilizaji wakimtupia sarafu ili aendelee au awaimbe na wao. Mzee akifa kulikuwa na tero buru: wanaume walitoka na ng'ombe, mikuki na ngao, wakakimbia hadi mpakani wakipiga kelele, wakipigana na adui asiyeonekana, wakakifukuza kifo kutoka bomani. Usiku magenga iliwaka, yaani moto mkubwa wa wanaume, na watu walicheza. Waswahili walikwisha kusema kifo cha wengi harusi. Hata disko matanga, ambayo maofisa wa serikali wameipiga marufuku kila mara, na kwa sababu nzito, kwa maana wasichana wengi wameumizwa katika giza lile, ni mtoto mkorofi wa jambo la kale.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi na daftari la waya, ingawa niko upande wake.

Nimehudhuria sherehe za maisha kadhaa hapa Nairobi. Kuna maua meupe, kuna picha kubwa, kuna mpangilio: binti dakika tatu, mfanyakazi mwenza dakika tatu, rafiki wa chuoni dakika tatu. Ni nzuri. Marehemu anatajwa alivyokuwa, pamoja na utani wake, jambo ambalo wasifu wa kanisani mara nyingi huliua. Lakini wenye kusema ni wale wanaojua kusema, na wengine tunakaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa tukipiga makofi. Anayetaka kupiga mayowe apige wapi? Kwenye matanga ya kijijini hata mpumbavu wa ukoo ana kazi: apasue kuni, ashike ng'ombe, akimbie na mkuki wa mti. Shangazi wa mbali anaingia langoni akilia kwa sauti ambayo huwezi kuiweka kwenye programu. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilipozuia mikesha na kuruhusu waombolezaji wasiozidi 15, tulimzika binamu yetu kwa dakika 40. Hakuna aliyefanya kosa. Miaka mitatu baadaye mama yake alikuwa bado anawasimulia wageni mazishi hayo kuanzia mwanzo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha njiani.

Lakini pia najua nani hulipa gharama ya matanga yale. Mjane. Mila ambazo Wambui alizikataa mahakamani hazikuwa ngoma na mikuki. Zilikuwa ukoo kumwamulia, pamoja na yale yanayomngoja mjane baadaye: kunyolewa, kutengwa, kurithiwa na shemeji. Wanaume wanaoililia mila huzungumza sana kuhusu tero buru na kidogo sana kuhusu hayo. Na mwanamke kama waya, ambaye si mjane wala mke, mila inampatia nafasi nyuma ya migomba. Nikimsikia mtu akisema sherehe ya maisha ni kuiga wazungu, huwa namwuliza dada zake watazikwa wapi.

Nilimpeleka waya kwa wakili, tuone kama karatasi inaweza kumlinda. Wakili alikuwa kijana mwenzangu, mkweli. Alisema katika sheria yetu maiti haina mwenyewe, haimilikiwi, na matakwa ya marehemu kuhusu mazishi mahakama huyapa uzito lakini hayaifungi. Tangu 1987 majaji wengi wamewasikiliza zaidi wajane na watoto, watu waliokuwa karibu na marehemu. Katiba ya 2010 nayo, ibara ya 44, inampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wake na kukataza mtu kulazimishwa mila. Lakini mambo haya huamuliwa kwa haraka, maiti ikiwa imelala, na anayewahi mahakamani anaweza kuuzuia mwili. "Kwa hiyo," waya alisema, "karatasi ni ya nini?" Wakili akasema ni ya watakaobaki, ili wasiweze kusema hawakujua.

Tulikutana Kisumu mwezi wa Agosti: waya, mabinti zake, baba, baba mdogo, na mimi na kompyuta yangu mapajani kama karani wa mahakama. Baba alikuja na hoja yake ameinyoosha. Hakutaja laana wala mizimu. Alisema, "Mimi nina miaka 74. Nikienda nyumbani namwona baba pale, mama pale, Owuor pale. Nikikaa nao najua mimi ni nani. Majivu nitayatembelea wapi? Watoto wa hawa wasichana nitawaonyesha nini?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi ni kaka yako. Ukifa nifanye nini? Nikae kwenye kiti nipige makofi?"

Hakuna aliyejibu. Binti mdogo wa waya akaenda kuzima redio ambayo haikuwa ikisumbua.

Mimi nikataja yago. Nilieleza kwa haraka, kama mtu asiye na uhakika kama anaruhusiwa, kwamba zamani mwili ukikosekana tunda lilizikwa, na kwamba huenda mtu akachomwa Kariokor na bado kukawa na kaburi nyumbani la kulilia, la kuonyesha watoto, na la kukimbilia na ng'ombe. Baba mdogo akasema hiyo ni ya waliozama ziwani. Waya akasema yeye alizama miaka mingi iliyopita, ni vile tu walikuwa hawajapewa habari. Baba alimtazama muda mrefu.

"Ndani ya ua," akauliza waya, "au nje?"

Hapo pakawa pagumu kuliko Kariokor. Baba mdogo alisema tunda likiwa ni mtu basi lifuate sheria ya mtu, nje. Binti mkubwa akasema kama ni nje waache kabisa. Walibishana mpaka chai ikapoa, kuhusu tunda ambalo bado halijaota kwenye mti. Mwishowe baba akasema ua wenyewe haupo. Ule wa mnyaa ulikauka zamani, tukaweka seng'enge, na seng'enge imesogezwa mara mbili, mara ya pili na yeye mwenyewe, alipowajengea watoto wake. Anaweza kuusogeza tena. Kaburi la shangazi yao wa migombani likaingia ndani pia, kama tunataka, kwa gharama ya mbao kumi na roli moja ya waya wa miba.

Nikaandika. Kuchomwa, Kariokor, ndani ya siku tatu. Pasiwe na fulana. Mwanasiasa akija, ale, asipewe kipaza sauti. Nyimbo za D.O. Misiani, zisikatwe katikati. Yago, ndani ya ua, upande watakaokubaliana kaka zake. Waya aliniambia niongeze kwamba wanaume wakitaka kumkimbilia buru wakimbie, ingawa hajawahi kuwa mzee wa kiume, na baba mdogo akauliza ng'ombe watatoka wapi, kwa kuwa waliobaki ni wawili na mmoja ana mimba.

Mwegea wa karibu tunaoujua uko kando ya mto, kwenye shamba la jirani ambaye hatujasemezana naye tangu mgogoro wa mpaka. Baba amesema ataenda kumwona. Nilipompigia Jumapili iliyopita alikuwa hajaenda bado, lakini alikuwa ameshanunua mbao.